Sanduku la mbao la dhahabu na vioo kwa staili ya Mandalay: mwongozo kamili kuanzia mbao hadi karatasi ya mwisho ya dhahabu

Watu wengi wakiona picha za yale masanduku ya Mandalay, mji wa kule Myanmar, ya dhahabu tupu yenye vipande vya vioo vyekundu na kijani vinavyometameta, swali la kwanza ni dhahabu inapatikana wapi na bei gani. Sawa, tutafika huko, ila dhahabu kwenye hii kazi inakuja mwishoni kabisa na ndo hatua fupi kuliko zote. Kinachobeba kazi ni vilivyoko chini yake, yaani mbao iliyokauka, msingi uliopakwa na kupigwa msasa mara kibao, na zile nyuzi nyembamba za pati (donge laini la kukanda linalogeuka gumu likikauka) zilizoviringishwa kwa mkono. Ukilipua huko chini dhahabu haifichi kitu, tena inaanika kila shimo na kila alama ya brashi. Kwahiyo huu mwongozo utakaa sana chini na juu tutapita haraka.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Hii ni kazi ya Myanmar, ile nchi ambayo babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, walipelekwa kupigana na Wajapani mwaka 1944 wakarudi wanaiita Burma. Wenyewe ufundi huu wanauita hmansi shwecha, na ulipamba moto zaidi enzi za wafalme wa Konbaung, hasa baada ya mfalme Mindon kuanzisha mji wa Mandalay mwaka 1857. Ikulu yake ilikuwa ya mbao za mtiki, imechongwa na kupakwa dhahabu, na karibu yote iliteketea kwa moto wa vita mwaka 1945. Jengo moja lilipona, na sababu ni ya ajabu kidogo: Mindon alipofariki mwaka 1878 mwanae Thibaw akaamua nyumba aliyofia baba yake ibomolewe ipelekwe nje ya kuta za ikulu, ikageuzwa kuwa monasteri. Ndo Shwenandaw, ipo mpaka leo, nje dhahabu na vioo vimeshaliwa na mvua na jua umebaki mti mtupu, ila ndani nguzo na dari bado zina dhahabu. Kitu kingine kilichosalia ni kiti cha enzi cha simba, ambacho Waingereza walikuwa wamekihamishia Calcutta, kikarudishwa mwaka 1948 na sasa kipo makumbusho ya taifa pale Yangon.

Sisi hatutengenezi kiti cha enzi. Tunatengeneza sanduku dogo la mfuniko kwa mfano wa sadaik, yaani yale masanduku ya monasteri ya kutunzia maandiko ya dini yaliyoandikwa kwenye majani ya miti jamii ya mitende. Ya asili ni makubwa, mengine unaweza kulala ndani, ila letu liwe sentimita 30 kwa 20 na kimo 15 hivi. Dogo zaidi ya hapo nakshi inabanana, kubwa zaidi utachoka ukiwa nusu ya kazi na litaishia uvunguni.

MBAO

Wao wanatumia mtiki, na ile mbao nyepesi wanayoiita yamanay, ambayo ndo iliyochongwa kile kiti cha simba, na yamanay ni mgmelina huuhuu unaopandwa na huku kwetu. Kama upo Tanzania mtiki unapatikana, una mashamba Longuza kule Muheza na bonde la Kilombero, ila kusema ukweli kwa sanduku ambalo litafunikwa lote kuanzia juu mpaka chini mi naona ni kumwaga hela. Mkangazi au mgmelina mkavu unatosha kabisa. Neno la kushika hapo ni mkavu. Mbao mbichi ikija kujikunja miezi 3 mbele pati inapasuka na vioo vinadondoka, na hapo hakuna gundi itakayokusaidia. Nunua, ipange ndani ya nyumba ukiwa umeweka vijiti katikati hewa ipite, iache wiki kadhaa kabla hujaigusa. Kama ni mtiki, una mafuta yake ya asili yanayokataa gundi, kwahiyo sehemu za kuunga zifute na tinna, subiri ikauke ndo ugundishe.

Unga sanduku lako kama unavyojua, pembe za meno ni bora kuliko misumari maana msumari ukishika kutu utatokeza juu ya dhahabu. Piga randa, alafu msasa namba 120, kisha 180, kisha 240. Mfuniko upe mteremko kidogo au ngazi mbilitatu, ndo muonekano wa kule. Kama unajua kuchonga basi chonga ukanda wa maua kwenye kingo kwa patasi kabla ya yote, chonga kwa kina manake msingi na dhahabu vitakuja kujaza mistari, mchoro wa juujuu unapotea wote.

UTOMVU WA THITSI NA KWANINI HATUTAUTUMIA

Kule kila kitu kinashikana kwa utomvu mmoja tu, thitsi, unaogemwa kwenye miti inayoota zaidi majimbo ya Shan. Ukitoka mtini una rangi ya kijivu, ukikutana na hewa unageuka mweusi tii. Huohuo ndo rangi, ndo vanishi, ndo gundi ya dhahabu, na ukichanganywa na majivu ndo pati. Halafu haukauki kama rangi zetu, huu unataka unyevunyevu ili ugande, ndo maana mafundi wanaziweka kazi zao kwenye vyumba vya chini ya ardhi vyenye joto na unyevu, kila mkono mmoja wa kupaka siku kadhaa, unatolewa unapigwa msasa unarudishwa. Kazi nzuri inachukua miezi.

Sasa shida yake ni hii, mti wa thitsi ni ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Mtu wa Mtwara au Lindi aliyewahi kubangua korosho mikono mitupu anajua mafuta ya ganda yanavyofanya ngozi, thitsi mbichi ni ndugu wa hayohayo, inawasha na kuvimbisha vibaya sana. Mafundi wa kule wengi miili imezoea, wewe hujazoea. Na kuagiza ni gharama, na kukausha bila chumba chake ni kubahatisha. Kwahiyo nitakupa mbadala kwa kila hatua, matokeo hayatakuwa sawasawa na ya Mandalay kwa asilimia mia ila mtu akiwa hatua mbili mbele yako hatajua.

MSINGI

Kwao ni thitsi na majivu, mikono kadhaa. Kwetu: changanya gundi nyeupe ya mbao na unga wa chaki uliochekechwa, ongeza maji kidogo hadi iwe nzito kama rangi ya mafuta, paka mkono wa kwanza mwembamba, acha ukauke usiku kucha, msasa 240, paka tena. Mikono 4 ni kima cha chini. Ukipitisha kidole usisikie vinyweleo vya mbao kabisa, na ukiangalia kwa ubavu dhidi ya dirisha usione mstari wa brashi. Usitumie chokaa ya kupakia ukuta, inakula gundi na baadae inamenyeka.

Juu yake sasa paka rangi ya mafuta nyekundu iliyoiva, ile ya kuelekea damu ya mzee, mikono 2. Kule wanapata hiyo nyekundu kwa kuchanganya thitsi na unga wa madini ya sinabari, ambayo yana zebaki, kwahiyo asije mtu akakudanganya uagize ili iwe "orijino", rangi ya duka inatosha. Nyekundu ina kazi mbili. Ndani ya sanduku na sehemu ambazo hazitawekwa dhahabu inabaki inaonekana, na palipo na dhahabu kila ufa mdogo kati ya karatasi na karatasi utaonyesha uwekundu badala ya weupe, dhahabu inaonekana ina joto. Nyeusi pia inaruhusiwa, dhahabu juu ya nyeusi inakuwa ya ubaridi kidogo. Ni wewe tu.

KUCHORA

Chora kwenye karatasi kwanza, saizi ileile ya ubavu wa sanduku. Nakshi ya kule ni mizabibu inayojiviringa na kurudi, maua ya yungiyungi, tausi, mara nyingine sura za majitu ya kwenye hadithi zao za dini. Msomaji asiyependa sura za viumbe nyumbani kwake abaki kwenye majani na yungiyungi, hata milango ya Unguja ina yungiyungi zimejaa kwahiyo jicho letu limeshazoea. Anza na ua kubwa la kioo katikati, kisha mizabibu ya kuzunguka, kisha mikanda miwili ya mstari juu na chini ya kufunga. Acha nafasi tupu! Hii nasisitiza, wanaoanza wanajaza kila kona na mwisho wake nyuzi zinagusana zinakuwa fujo, ukiangalia kazi nzuri za zamani utaona kati ya uzi na uzi kuna uwazi wa kutosha dhahabu kulala bapa na kupumzisha macho.

Kuhamisha: toboa mistari ya mchoro kwa sindano tundu karibukaribu, bandika karatasi kwenye sanduku, gonga juu yake na kitambaa chenye unga wa chaki nyeupe. Ukitoa karatasi vidoti vimebaki kwenye nyekundu. Unganisha kwa penseli.

VIOO

Vioo vya zamani vya kule vilikuwa vyembamba sana na nyuma vimepakwa madini ya kung'aa, siku hizi wanakata vioo vya kawaida vya kujiangalia vya rangi. Nenda kwa fundi vioo mtaani umuombe masalia ya kioo cha kujiangalia cha milimita 2, wengi wanayatupa. Cha milimita 4 usichukue, kitachomoza juu ya pati kama jino. Rangi nyekundu na kijani unapata kwa kupaka mbele ya kioo rangi angavu ya kuchorea vioo, iache ikauke kabisa kabla ya kukata. Bluu na nyeupe pia zinatumika ila nyekundu na kijani ndo zinaleta ule muonekano, na ningekushauri zisizidi rangi 3 kwenye sanduku moja.

Kukata: vaa miwani ya kazi na gloves, hapa hakuna ujanja. Weka kioo juu ya magazeti, pitisha kalamu ya kukatia mara moja tu kwa nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho, usirudie mstari, kisha vunja kwa koleo. Kata vipande virefu vya upana wa sentimita 1, alafu vikate mshazari upate almasi, au mraba, na vya matone unavipata kwa kumegamega kona na koleo kidogokidogo. Duara kamili ni ngumu, kata pembe nane halafu sugua kwenye jiwe la kunolea lenye maji. Kila kipande kisugue kingo, siyo kwa ajili ya uzuri, ni kwa ajili ya vidole vyako vya kesho. Takataka zake zifunge kwenye chupa uandike, watoto wanachokora kila mahali.

PATI NA KUVIRINGISHA NYUZI

Hapa ndo penyewe. Wao wanaita thayo, thitsi imekandwa na majivu yaliyochekechwa laini, ya mifupa au ya pumba za mpunga, mpaka inakuwa donge linalovutika. Fundi anaviringisha kwenye ubao bapa mpaka anapata uzi mrefu mwembamba kama tambi, anaunyanyua na kijiti, anaulaza juu ya sehemu iliyopakwa thitsi ambayo bado inanata, anaukunja kufuata mchoro. Kuangalia video zao utadhani ni rahisi.

Mbadala upo wa aina mbili. Wa kwanza ni epoksi ya kukanda, ile ya vipande viwili unavyochanganya, haisinyai, inashika kioo vizuri, unyevu wa Dar au Mombasa hauisumbui. Ubaya ni bei na muda, ikishaanza kugeuka ngumu imegeuka, kwahiyo kanda kadonge kadogo cha kukutosha kama nusu saa tu. Wa pili ni wa kupika mwenyewe: majivu ya pumba yaliyopita kwenye kitambaa cha nailoni sehemu moja, unga wa chaki sehemu moja, gundi ya mbao unaongeza taratibu huku unakanda, na matone machache ya mafuta ya linsidi ili ivutike. Ikishika vidole ongeza unga, ikipasuka ukiikunja ongeza gundi. Ifunge kwenye nailoni ikae saa moja kabla ya kuanza. Hii inasinyaa kidogo ikikauka kwahiyo ni kwa nyuzi nyembamba tu, kwenye vitanda vya vioo tumia epoksi. Na vitambaa vyenye mafuta ya linsidi usivikunje kwenye kona, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe, vitandaze nje vikauke.

Ubao wa kuviringishia uwe laini, kioo au kigae, upake poda ya watoto kidogo. Viringisha kwa ubao mdogo bapa juu yake na siyo kwa vidole, vidole vinaleta mabonde. Unene wa milimita 2 kwa mizabibu, 3 kwa mikanda ya kufunga. Paka gundi nyembamba kwenye mstari wako sentimita 10 hivi kwa wakati mmoja, laza uzi, usiuvute, uvute kidogo tu utaona unarudi ukikauka na kukatika katikati. Kona kali kata na uanze uzi mpya, ncha zake zichonge ziwe nyembamba kama mkia. Pale mzabibu unapoanza mwingine, bonyeza kiungo kwa kijiti kilicholowa maji kisionekane.

Vioo vinaingia hivi: weka kadonge kembamba ka pati kama kitanda, bonyeza kioo mpaka pati ichungulie pembeni, safisha ziada, kisha zungusha uzi kuzunguka kioo ukiwa umekanyaga kingo zake nusu milimita hivi. Huo uzi ndo unaokishika, gundi ya chini ni msaidizi tu. Na usivilaze vyote bapa sawasawa! Kimoja kiinamishe kidogo kushoto, kingine juu, kidogo sana mtu asijue. Vikiwa bapa vyote vinawaka pamoja na kuzimika pamoja, vikiwa vimeinamishwa ukitembea mbele ya sanduku cheche zinahama kutoka kimoja kwenda kingine, na kwa mwanga wa mshumaa ndo usiseme.

Kazi ya ubavu mmoja, acha ikauke ukiwa umelilaza, ndo ugeuze ubavu mwingine. Ukigeuza mapema nyuzi zinateleza. Ukimaliza zote lipe siku 3 au 4, kisha pita na msasa laini sana kuondoa vinundu, na paka mkono mmoja wa nyekundu juu ya nyuzi zote, vioo uvikwepe.

DHAHABU

Karatasi za dhahabu za Mandalay zinafuliwa kwa mikono mpaka leo. Vipande vidogo vinapangwa katikati ya karatasi za mianzi, vinafungwa kwenye ngozi, mwanaume anapiga na nyundo ya karibu kilo 3 kwa masaa kadhaa, na muda wanaupima kwa kifuu cha nazi chenye tundu kinachoelea majini, kikizama zamu imekwisha. Sehemu kubwa ya dhahabu hiyo inaenda kubandikwa kwenye sanamu la Mahamuni palepale Mandalay, ambalo waumini wamelibandika kwa miaka mingi mpaka dhahabu imekuwa mnene wa sentimita 15 sehemu nyingine.

Kwa sanduku letu una njia mbili. Dhahabu halisi ya karati 23 au 24 inauzwa kwa vijitabu vya karatasi 25, haichakai na haihitaji vanishi juu. Au ya kuigiza, ambayo ni shaba na zinki, bei chee, ila inageuka kahawia ikiguswaguswa kwahiyo lazima uifunge kwa vanishi angavu. Kwa sanduku la kwanza tumia ya kuigiza, mi sioni aibu yoyote hapo.

Paka gundi ya mafuta maalum ya kubandikia dhahabu, nyembamba kadri inavyowezekana, kwenye nyuzi na mandhari ya kati yake. Ikijaa kwenye mabonde dhahabu itakunjamana na kubaki laini kwa wiki. Subiri kulingana na maelezo ya kopo, kwenye hali ya unyevu inachelewa zaidi. Kujua imefika gusa na kifundo cha kidole: kinashikwa kidogo kisha kinaachiwa na kasauti, na kidole hakina alama. Kabla ya hapo dhahabu inazama, baada ya hapo haishiki.

Zima feni, funga dirisha, na usiongee ukiwa umeinama juu yake, hii karatasi pumzi tu inaipeperusha. Igeuze pamoja na karatasi yake ya nyuma, laza, bonyeza kwa kidole juu ya karatasi ya nyuma, toa. Inayofuata ipandane na ya kwanza milimita chache. Kwenye mashimo ya nakshi sukuma kwa brashi laini ya manyoya, palipopasuka bandika kakipande kengine. Mpaka hapo itaonekana ovyo, mabaki yananing'inia kila sehemu na vioo vimefunikwa, usishtuke. Baada ya siku moja fagia yote kwa brashi ukikinga chini na karatasi, yale makombo yatunze ni ya kuzibia mianya. Kisha sugua taratibu na pamba kavu.

Vioo visafishe siku hiyohiyo ya kufagia, gundi ikishakomaa utakwangua mpaka uchoke. Chonga kijiti cha mwanzi kiwe bapa kama patasi ndogo, kiloweshe, kwangua dhahabu juu ya kioo ukianzia katikati kwenda pembeni, simama kabla hujagusa uzi, malizia na pamba yenye maji. Kisu hapana, kinakwaruza rangi uliyopaka. Kama ni dhahabu ya kuigiza ndo sasa unapiga vanishi mikono 2, tena usiipake juu ya vioo.

Ndani iache nyekundu, chini ya sanduku bandika kitambaa kizito. Liweke mbali na jua la moja kwa moja na jikoni. Vumbi toa kwa brashi kavu, kitambaa kina nyuzi zinanasa kwenye kona za vioo. Kioo kikija kudondoka usimwagie supagluu, inaacha ukungu mweupe kwenye dhahabu ya jirani. Chokoa pati ya zamani, weka kadonge kapya ka epoksi, rudisha uzi wake na yale makombo uliyotunza yatatosha kuziba.